Roza Agutu na Mikungu Mia Tisa

Kampuni ya Matunda ya Ziwa (KAMAZI)
S.L.P. 418, Mwanza
9 Februari 1976
Kumb. Na. PL/UKOO/1

Mpendwa Shangazi Kokushubira,

YAH: SALAMU, HALI YANGU, NA OMBI LA TAKWIMU

Shikamoo. Ninayo matumaini makubwa kwamba waraka huu utakukuta mzima, wewe pamoja na Baba, na kwamba goti lake la kushoto limeanza kumtii. Mimi ni mzima. Chakula ninapata, chumba ninacho huku Igogo, na godoro nimeahidiwa.

Napenda kukuarifu rasmi kwamba tangu tarehe 2 mwezi huu nimeanza kazi katika KAMAZI, shirika jipya la umma lenye jukumu la kuyatoa matunda ya kanda hii mikononi mwa watu binafsi na kuyakabidhi kwa wananchi. Cheo changu ni Afisa Mipango Daraja la Tatu, wa majaribio. Meza yangu ina miguu mitatu. Wa nne ni tasnifu yangu ya chuo kikuu, ambayo kwa bahati njema ina kurasa nyingi. Mkurugenzi wetu, Ndugu Luhaga, ameniambia bila kuficha: nikiufanikisha mradi wa kwanza, nitathibitishwa kazini kabla ya mwaka kwisha, nisipoufanikisha, nitarudi nyumbani kwa meli iliyonileta. Shangazi, mimi ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa joho. Kurudi Kamachumu bila barua ya kuthibitishwa ni jambo ambalo sitaki hata kulifanyia makadirio.

Kikwazo cha mradi kina jina, nalo ni Bi Roza Agutu. Huyu ni mama wa Kijaluo aliyevuka kutoka upande wa Kenya mwaka 1949, akateremka bandarini Mwanza na kapu moja la machungwa kichwani, bila ndugu, bila barua ya utambulisho, na bila Kiswahili cha kuombea maji. Leo hii, kila ndizi inayoliwa mjini hapa, iwe imepikwa, imechomwa au imemenywa barabarani, imepitia kwake. Ana malori matatu, ghala la mawe hapa Igogo, vibanda Kirumba, na watu wake Buzuruga wanaoyapokea mananasi kabla dereva hajazima injini. Katika taarifa yangu nimeandika kwamba kupanda kwake ni mfano dhahiri wa ulimbikaji wa awali wa mtaji. Ndugu Luhaga aliniomba nimsomee sentensi hiyo mara mbili.

Ombi langu ni hili. Wewe ni mkulima. Tafadhali nijulishe, kwa maandishi, ni mfanyabiashara gani anayenunua ndizi zako, na ni kwa namna gani anakunyonya.

Wako mtiifu katika ujenzi wa Taifa,
Privatus Lwakatare, B.A. (Dar es Salaam)

*

Kamachumu
1 Machi 1976

Mwanangu Privatus,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na namba kama ng'ombe wa mnada. Nilimsomea baba yako mpaka mwisho. Alisikiliza vizuri, kisha akauliza, "Godoro amepata?" Goti lake bado. Leonsia, jirani yetu, amejifungua mapacha, wote wa kike, na mume wake anazunguka kijijini akisalimia hata mbuzi. Mvua imewahi. Migomba imezaa mpaka tumeishiwa miti ya kuiegemezea.

Unauliza nani ananunua ndizi zangu. Anazinunua mtu anayekuja siku aliyosema atakuja. Kuhusu kunyonywa, nikiona dalili nitakuandikia.

Jambo moja tu la kusahihisha. Kapu lile halikuwa la machungwa. Lilikuwa la ndimu.

Vaa sweta asubuhi. Ziwa hilo lina ubaridi.

Shangazi yako,
Kokushubira

*

S.L.P. 418, Mwanza
22 Machi 1976
Kumb. Na. PL/UKOO/2

Mpendwa Shangazi,

YAH: MAHOJIANO NA BI ROZA AGUTU

Shikamoo. Nimefurahi kusikia habari za mapacha na ninaomba ufikishe pongezi zangu kwa wazazi wote wawili. Godoro limefika, ni fupi kuliko mimi, lakini limefika. Nilishangazwa na taarifa yako juu ya ndimu, kwa kuwa sijui umeipata kutoka chanzo gani. Tafadhali fafanua.

Sasa niingie katika shabaha ya barua hii. Jumanne iliyopita nilifika ghalani kwa Bi Roza saa mbili asubuhi, nikiwa na daftari na kalamu mbili. Nilimkuta ameketi juu ya kreti, mama mnene wa miaka hamsini hivi, amejifunga kitenge kiunoni, akipokea mikungu kutoka kwenye lori. Kila mkungu aliupapasa, akaikata ncha ya kidole kimoja kwa kisu kidogo, akatazama ndani, kisha akatamka neno moja tu: "sufuria", au "makaa", au "mtungi". Wapagazi wakaupeleka mkungu kona inayohusika. Nimeuandika utaratibu huo katika daftari langu chini ya kichwa "Mbinu zisizo za kisayansi".

"Ndiye wewe uliyetumwa kunila?" aliniuliza.

Nilimweleza kwamba sikutumwa kumla mtu bali kukusanya takwimu.

"Haya, kusanya. Lakini kaa chini. Mtu mrefu hivyo akisimama mlangoni ananizibia mwanga."

Nilianza na swali la msingi, yaani mtaji wake wa awali ulikuwa nini.

"Kichefuchefu," akasema.

Shangazi, maelezo yake ninayanukuu kwa uaminifu. Mwaka 1949 alipanda meli Kisumu akiwa na kapu la ndimu (naam, ndimu) za kumpelekea dada yake. Ziwa likachafuka. Abiria wote wakaning'inia ukingoni, matajiri kwa maskini. Alimpa mama mmoja ndimu moja ainuse. Mama yule akapata nafuu. Kabla ya kufika Mwanza kapu likawa tupu. "Nikashuka na kapu tupu na habari moja," aliniambia, "kwamba meli inaondoka tena Alhamisi, na ziwa halijatulia." Dada yake hakupata ndimu hizo mpaka leo. Hapo nilikumbuka kwamba mimi mwenyewe, mwezi Februari, nilinunua ndimu mbili melini. Sikuona sababu ya kuliingiza jambo hilo katika mahojiano.

Kutoka ndimu alihamia machungwa, kisha mananasi, kisha ndizi. Nikamwuliza nani alimfundisha ndizi, maana kwao ni watu wa samaki.

"Mama mmoja wa huko kwenu. Nikikosea ananipiga kibao mkononi. Nilikosea wiki tatu."

"Jina lake?"

"Andika: mama mmoja." Kisha akanigeukia. "Na wewe, baba, Mhaya mzima, ndizi unazijua?"

Nilimjibu kwamba nimezaliwa katikati ya migomba. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Umezaliwa," akasema. "Nimekusikia."

Ni kweli, Shangazi, kwamba tangu umri wa miaka minane nilikuwa seminarini, ambako tulikula ugali na maharage na kusali kwa Kilatini. Lakini asili ya mtu haipotei kwa sababu ya mlo.

Wako mtiifu,
Privatus Lwakatare, B.A. (Dar es Salaam)

*

Kamachumu
11 Aprili 1976

Mwanangu Privatus,

Marahaba. Pasaka inakaribia na baba yako amenunua kofia. Amewaambia watu wote kanisani kwamba mwanawe sasa ndiye mkuu wa ndizi Mwanza. Nilimwomba apunguze. Jumapili iliyofuata akaongeza na mananasi.

Kuhusu ndimu sina la kufafanua. Watu husafiri, watu husikia.

Nina neno moja la kukuomba, nalo usilipe namba. Siku mtakayoanza kununua ndizi wenyewe, usimwondoe yule anayekata vidole kabla hujaniandikia mimi. Kabla. Si baada.

Shangazi yako,
Kokushubira

*

S.L.P. 418, Mwanza
14 Juni 1976
Kumb. Na. PL/UKOO/3

Mpendwa Shangazi,

YAH: USHINDI

Shikamoo. Naomba radhi kwa ukimya wa miezi miwili, uliosababishwa na wingi wa majukumu ya kihistoria. Natumaini kofia ya Baba ilipokelewa vyema.

Tarehe 1 mwezi huu, KAMAZI ilikabidhiwa ghala la Igogo na malori yote matatu. Bi Roza amebakiziwa kibanda kimoja Kirumba. Alitoa funguo bila upinzani wowote, aliuliza tu, "Na nani atakata?" Nilimwonyesha Fomu ya Ubora wa Ndizi, niliyoibuni mimi, yenye safu za urefu, unene, uzito, rangi na unyoofu. Aliigeuza akatazama na nyuma yake, kisha akanirudishia.

Niliona si vyema kuchelewesha mradi kwa kusubiri mawasiliano ya posta, hivyo nilivuka mwenyewe hadi upande wa Bukoba kununua shehena ya kwanza. Nisamehe kwa kutofika nyumbani, ratiba haikuruhusu. Katika kijiji kimoja nilipata mikungu mia tisa inayolingana kwa namna ya kupendeza: vidole vifupi, vinene, ngozi inayong'aa. Nilipokata kimoja kwa ajili ya kumbukumbu nilikuta ndani vidoa vya rangi ya kahawia, ambavyo nimevitafsiri kuwa dalili ya madini. Wanakijiji walinisindikiza kwa vigelegele mpaka barabarani. Mzee mmoja aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilimwonyesha fomu.

Itakatwa na kusafirishwa mwishoni mwa mwezi huu, na mia moja kati ya hiyo itapikwa siku ya Saba Saba, mbele ya mgeni rasmi na wageni mia nne, kama mlo wa uzinduzi wa KAMAZI. Ndugu Luhaga amekwisha agiza barua yangu ya kuthibitishwa ichapwe, imebaki sahihi. Laiti ungekuwapo uone.

Wako katika mafanikio,
Privatus Lwakatare, B.A. (Dar es Salaam)

*

Kamachumu
23 Juni 1976

Privatus,

Leo sina salamu. Hiyo uliyonunua ni mbire. Ndizi za pombe. Vile vidoa si madini, ndivyo vinavyoitambulisha, na hata mapacha wa Leonsia watavijua kabla hawajaota meno. Hailiwi. Ukiipika inashika ulimi na haiuachii mpaka kesho yake.

Usiitie sufuriani. Nenda kwa Roza Agutu leo hii, mwambie nimekutuma.

Kokushubira

*

S.L.P. 418, Mwanza
12 Julai 1976
Kumb. Na. PL/UKOO/4

Mpendwa Shangazi,

YAH: TAARIFA FUPI YA SHEREHE

Shikamoo. Barua yako ya tarehe 23 Juni imenifikia tarehe 9 Julai, ikiwa na muhuri wa Musoma, jambo ambalo hakuna anayeweza kunieleza. Nakushukuru kwa ushauri uliomo.

Sherehe za Saba Saba zilifana. Hali ya hewa ilikuwa nzuri. Kulikuwa na ngoma za vikundi vitatu na gwaride la wanafunzi. Chakula kiliandaliwa kwa wingi. Mgeni rasmi alikula kiasi.

Mikungu iliyosalia inafanyiwa mapitio.

Nisingependa kukuchosha kwa maelezo zaidi. Msalimie Baba. Kama hajaambiwa lolote, sioni haja ya kuanza sasa.

Wako,
Privatus Lwakatare, B.A.

*

Kamachumu
25 Julai 1976

Mwanangu Privatus,

Marahaba. Huku ni wazima. Mapacha wamebatizwa. Goti la baba yako limepona, sasa linauma la pili.

Taarifa yako ni fupi kweli. Nimepata ndefu. Nimeandikiwa na Roza mwenyewe, au tuseme amemwambia mtu amwandikie, kwa hiyo ninayo yote. Mgeni rasmi alitafuna mara tatu, akanyamaza. Meza kuu nzima ikanyamaza pamoja naye, kila mmoja akimtazama mwenzake kujua kama inaruhusiwa kutema. Wewe ukasimama ukatangaza kwamba ladha hiyo ni ya lishe. Na neno la shukrani halikutolewa, kwa sababu aliyepangiwa kulitoa alikuwa amekula sahani mbili.

Kisha mikungu mia nane ikaanza kuivia ghalani kwa pamoja, na nyinyi mkawa mnaipulizia dawa ya nzi. Roza akaja bila kuitwa, na akina mama wapika pombe wa Igogo nyuma yake. Kwa siku mbili ghala likawa tupu. Ndio mauzo ya kwanza ya shirika lenu.

Mama huyo mlimwondoa ghalani mwake, naye akarudi kukuokoa. Je, umemshukuru?

Baba yako bado hajui. Kanisani amefikia maembe.

Shangazi yako,
Kokushubira

*

S.L.P. 418, Mwanza
15 Agosti 1976
Kumb. Na. PL/UKOO/5

Mpendwa Shangazi,

YAH: SUALA DOGO LA KIUTAWALA

Shikamoo. Pole kwa Baba kwa goti la pili. Mimi ni mzima, ingawa usingizi umepungua.

Ninaomba maoni yako kuhusu suala la kinadharia. Tuseme kuna afisa. Tuseme afisa huyo ameletewa karatasi ya kusaini.

Nimejaribu kuendelea kwa mtindo huo na nimechana kurasa mbili, hivyo nitalieleza lilivyo. Wakubwa wanataka kujua kwa nini mgeni rasmi alishindwa kuzungumza siku mbili. Ndugu Luhaga ameandaa taarifa inayosema kwamba Bi Roza Agutu, mgeni kutoka nchi jirani asiye na karatasi kamili, alizibadilisha ndizi ghalani ili kuhujumu shirika la umma. Kinakosekana kitu kimoja, yaani sahihi ya shahidi. Nikisaini, barua yangu ya kuthibitishwa inatoka siku hiyohiyo, pamoja na nyumba ya shirika Isamilo. Bi Roza atapandishwa meli ya Kisumu akiwa na anachoweza kubeba. Nisiposaini, meli ni yangu. Mwisho ni tarehe 31.

Nilimwambia Ndugu Luhaga kwamba hakuna aliyebadilisha ndizi. Alifunga mlango. "Kijana," akasema, "mimi ni Msukuma. Nimekula ugali maisha yangu yote, nani ataniuliza habari za ndizi? Mhaya hapa ni wewe. Ama kuna mtu alizibadilisha, ama kuna Mhaya asiyejua ndizi. Sasa waendee wakubwa, uwaulize lipi watalisadiki."

Kitaalamu, Shangazi, hoja yake ina uzito.

Jana nilikwenda Kirumba kwenye kibanda cha Bi Roza, kumshukuru kama ulivyonikumbusha. Nilianza kuyahesabu mananasi yake.

"Umekuja kununua au umekuja kunitazama?" akaniuliza.

Nilinunua nanasi. Nilikusudia kumweleza habari za karatasi ile. Nikamwambia nanasi ni zuri.

"Hujalikata," akasema.

Naomba unijibu upesi.

Privatus Lwakatare

*

Kamachumu
29 Agosti 1976

Mwanangu Privatus,

Barua yako nimeipata leo, Jumapili, na meli inaondoka kesho, kwa hiyo goti la baba yako lisubiri.

Yule mama mmoja ni mimi.

Nilimkuta bandarini Bukoba mwaka 1951, ameketi juu ya mikungu kumi na miwili, analia kwa Kijaluo. Alikuwa ameuziwa mbire akidhani ni ya kupika. Ndiyo, kama wewe, ila yeye kwao hawana migomba. Nilimchukua nyumbani, nikamfundisha, na nikampiga vibao kweli, maana alikuwa mbishi. Tangu hapo mimi natoa, yeye anauza. Miaka ishirini na mitano. Mume wangu alipokufa, Roza alivuka ziwa akalala hapa mwezi mzima, mjini akimwachia biashara mtu aliyemharibia mananasi yote, na hajawahi kunitajia mananasi hayo.

Sanduku lako la bati la seminari tulilinunua pamoja. Viatu vya kwanza, pamoja. Siku ya joho lako alichinja kuku Igogo na kuwalisha wapagazi, bila kuwaambia ni kwa ajili ya nani. Alipokuona mlangoni na daftari alikujua kwa urefu. Nilimkataza asiseme. Na wewe sikukwambia, kwa sababu ulikuwa unaandika wanyonyaji wanyonyaji, nami nikisoma nikawa sielewi niko upande gani wa karatasi.

Sikwambii usaini wala usisaini. Aliyesoma ni wewe. Lakini Roza akipandishwa meli, ujue ubavuni mwake nimekaa mimi.

Shangazi yako,
Kokushubira

*

Mwanza
30 Agosti 1976

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako na tarehe imenifikia, hivyo nimelazimika kuamua peke yangu. Ninakuandikia kabla hujasikia kwa wengine.

Ile taarifa sikuisaini. Nimeandika yangu. Inasema hivi: "Mimi, Privatus Lwakatare, mzaliwa wa Kamachumu, Mhaya kwa baba na kwa mama, nilinunua mikungu mia tisa ya ndizi za pombe nikidhani ni za kupika, kwa kuwa sijui tofauti yake. Hakuna aliyezibadilisha. Bi Roza Agutu alituuliza nani atakata, nami nikamwonyesha fomu."

Kija, mpiga chapa wetu, alifika mstari wa pili akasimama. "Ndugu Afisa," akaniuliza, "hili neno 'sijui' umelikusudia? Miaka yote nipo hapa sijawahi kulichapa."

Nilimwambia alichape, na nakala nne.

Itasomwa mbele ya kamati tarehe 15 Septemba. Mambo ya cheo nimeyazoea kichwani. Kinachonitetemesha ni kwamba mabaharia watalifikisha neno hilo Bukoba, na kutoka Bukoba litapanda mpaka kanisani. Naomba Baba aandaliwe. Mwanzie na maembe, ukishuka polepole hadi ndizi.

Privatus

*

Kamachumu
3 Oktoba 1976

Mwanangu Privatus,

Marahaba. Barua zetu zimepishana ziwani. Nimesoma yako mara mbili. Kisha nikaenda kuwapa mapacha wa Leonsia ndizi ya kusonga, kwa sababu nilitaka kufanya kitu cha furaha na hapakuwa na kingine karibu.

Baba yako sikuwahi kumwandaa. Alisikia mnadani. Akarudi, akavua kofia, akajifungia ndani siku tatu. Nilimpelekea chakula, nikamweleza mlangoni kwamba umemwokoa mtu. Akanijibu kutoka ndani, "Wangesema ameiba. Wezi tunao katika ukoo huu. Wangesema amelewa kazini. Lakini hili nitawaambia nini watu?"

Siku ya nne alitoka. Alikwenda shambani na panga, akaupita mgomba mmoja mmoja akiugusa, mpaka jua likazama. Usiku akaniagiza nikuulize jambo, na ameniambia nisibadilishe neno: mtoto wa kiume wa miaka ishirini na sita, anaweza bado kufundishwa, au ndiyo imepita?

Jibu litoke kwako. Nami nasubiri habari za kamati.

Shangazi yako,
Kokushubira

*

Ghalani, Igogo
5 Desemba 1976

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kwanza kujua niko wapi, ndipo nikuandikie.

Kamati ilikaa Septemba, ikakaa tena Oktoba. Taarifa yangu ilisomwa kwa sauti, na ilipofika penye "Mhaya kwa baba na kwa mama" mjumbe mmoja wa Muleba alitoka nje akidai kikohozi. Walipekua kanuni za utumishi. Zina adhabu kwa afisa mwizi, afisa mlevi na afisa mtoro, lakini afisa aliyesema hajui hamna. Mwenyekiti alisema hawezi kunifukuza kwa kosa lisilo na kifungu, wala kunithibitisha akiwa na kumbukumbu ya mgeni rasmi. Faili limerudishwa kwa Ndugu Luhaga, naye ameliweka chini ya mguu wa meza.

Karatasi ya kumhujumu Bi Roza haikupata shahidi mwingine, ikafa. Wakati huohuo mji ulikuwa umekataa ndizi zetu kabisa. Akina mama walikuwa wakizinusa kwa ajili ya watoto wao, wakizirudisha mezani. Novemba, shirika lilimwomba Bi Roza arudi ghalani. Malori yamebaki ya umma na ghala limebaki la umma, lakini cheo kimetafutwa: Mtaalamu wa Uchaguzi. Alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, karatasi zake za ukaazi zishughulikiwe, na zimekwisha pelekwa. La pili, apewe mimi.

Hivyo nipo chini yake kwa miezi sita, na kuthibitishwa kwangu kutategemea maandishi yake. Barua yako ya Agosti nilimsomea ghalani. Alisikiliza mpaka kwenye kuku, akasema kuku walikuwa wawili. Kumshukuru nimemshukuru, nikisimama, kwa maneno niliyoyaandaa. Alinikatiza akaniambia lori limefika. Ninapokosea ananipiga kibao cha mkono, kwa hiyo naona mtaala haujabadilika tangu enzi zako. Wiki iliyopita nilimwuliza ni lini ataandikisha kwamba ninafaa.

"Siku utakayoacha kuniuliza," akasema.

Uniwie radhi kwa weusi uliopo ukingoni mwa karatasi hii. Ni utomvu wa ndizi. Hautoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Jana alikuja mgeni kutoka Dar es Salaam, amevaa suti ya kaunda. Akanipa mkono, kisha akautazama wake, akauliza mimi ni nani hapa. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema. Bi Roza hakuinua hata uso kutoka kwenye mkungu wake.

"Anajifunza," akamwambia.

Mpelekee Baba jibu hilo. Mwambie lilisemwa mbele ya watu.

Mwanao,
Privatus